Maswali ya wasomaji: Krismasi Marangu, maisha ya nyumbani na riwaya ya Februari

Novemba ikishaingia, simu yangu hujaa maswali, na mengi yanafanana. Msomaji wa Mwanza anauliza lile lile alilouliza wa Muscat. Nimeyakusanya hapa yale yanayorudi kila mwaka, pamoja na mapya yanayohusu riwaya yangu ya mapenzi inayokuja. Palipo na mengi ya kusema nimesema, na penginepo nimejibu kwa mstari mmoja au miwili.

Riwaya mpya inatoka lini?

Wiki ya pili ya Februari, kabla ya tarehe 14. Najua wengi mlitaka kuibeba kwenye begi la Krismasi, na maombi yenu nimeyasoma yote. Sababu za kutoitoa Desemba ni mbili.

Ya kwanza ni mashine. Mwisho wa mwaka, wachapaji wa Dar es Salaam wanakuwa na kalenda, shajara na vitabu vya shule vinavyotakiwa Januari. Riwaya ikijipenyeza hapo, inapishwa pishwa mpaka dakika za mwisho, kisha inachapwa mbiombio: ukurasa mmoja wino hafifu, wa pili umekolea, na gundi ya mgongo haijakauka vizuri. Nakala ya namna hiyo ikisomwa na watu wawili tu, karatasi zinaanza kuchomoka. Na vitabu vyangu havisomwi na watu wawili. Naziona nakala zilizopita kwa shangazi, wifi, jirani na wanafunzi wa chuo mpaka jalada likashonwa kwa uzi.

Ya pili ni mfuko wa msomaji. Januari ina ada, sare, madaftari na kodi ya nyumba. Sitaki mama anunue kitabu changu kwa pesa ya viatu vya mtoto. Februari watu wanaanza kuvuta pumzi, na atakayekinunua atakisoma kwa raha.

Kazi imefikia wapi?

Uhariri umekwisha, kurasa zimepangwa, na sasa tunasubiri prufu, yaani nakala ya majaribio kutoka kwa mchapaji. Kitabu kina kurasa 240. Karatasi kubwa ya mtambo ikishachapwa hukunjwa na kuwa kurasa 16, kwa hiyo 240 ni mikunjo 15 kamili. Mswada wangu ulizidi kidogo, na kile kidogo kingedai mkunjo mwingine mzima ambao gharama yake ingemwangukia mnunuzi. Nikakata sura fupi ya soko la Mwika. Niliipenda sura ile, lakini hadithi inatembea bila yake.

Namba ya ISBN, ile inayokitambulisha kitabu, tumeshaipata. Hapa nchini inatolewa na Bodi ya Huduma za Maktaba Tanzania, na vitabu vyetu vingi mtavitambua kwa 978 inayofuatwa na 9987 au 9976. Mwandishi chipukizi anayesoma hapa asiogope hatua hiyo. Jina la kitabu nitalitaja jalada likikamilika, kwa sababu mhariri wangu bado ana neno moja analolipinga, na nimejifunza kumsikiliza.

Hadithi yenyewe inahusu nini?

Inahusu siku 21. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inawataka watu wanaotaka kuoana watoe taarifa ya kusudio lao angalau siku 21 kabla ya ndoa kufungwa. Ndani ya muda huo kusudio linatangazwa, na mwenye pingamizi analipeleka. Makanisani tunalijua jambo hili kwa matangazo ya Jumapili tatu, yule mzee wa kanisa akisimama na karatasi yake na kusoma majina ya bwana na bibi, mtu wa wapi na wa wapi.

Aikande ni mkunga wa hospitali, ana miaka 34, anaishi Dar es Salaam na kwao ni Marangu. Elirehema ni seremala wa Usangi, Upareni. Taarifa yao inatolewa tarehe 7 Desemba, na ndoa imepangwa tarehe 28. Kati ya hapo kuna Sikukuu ya Uhuru, kuna safari ya kwenda nyumbani, kuna Krismasi yenyewe, na kuna ukoo mzima umekusanyika kwenye boma moja kwa mara ya kwanza tangu msiba wa baba. Pingamizi linakuja. Linatoka kwa kaka wa Aikande, mtu anayempenda kuliko wote, na linahusu mahari iliyobaki.

Kisheria, mahari ambayo haijakamilika haiifanyi ndoa kuwa batili. Aikande analijua hilo. Ipo pia leseni maalumu ya Msajili Mkuu inayoweza kuwaondolea masharti ya taarifa, na rafiki yake anamshauri waiombe, wafunge ndoa mjini, mambo yaishe. Anakataa. Anataka kuolewa siku ambayo kaka yake atakuwepo, tena akiwa anacheka. Hapo ndipo penye riwaya.

Kwa nini Mpare? Wachagga wenzako watakusema.

Wameshaanza, na nafurahi. Utani wa Wachagga na Wapare ni mali kubwa kwa mwandishi. Mjomba wa Elirehema anaweza kuketi barazani kwa wakwe na kumwambia mzee wa Kichagga maneno ambayo mgeni mwingine angetolewa nje kwayo, na watu wakacheka mpaka machozi, kumbe ndani yake amepitisha ujumbe mzito kuhusu ile mahari. Sura hiyo niliiandika polepole kuliko zote. Nimewapa wazee wa pande zote mbili waisome, nao wamenirekebishia vichekesho.

Wewe mwenyewe Krismasi unaila wapi?

Mwaka huu Marangu, kwetu. Mume wangu ni wa Lushoto, na tulikubaliana tangu uchumba kwamba tutapokezana, mwaka mmoja kwao, mwaka mmoja kwetu. Wapo waliosema binti akishaolewa anakwenda kwa mumewe tu. Mama mkwe wangu ndiye aliyelimaliza suala hilo kwa sentensi moja: naye ana mabinti, na angependa kuwaona. Bahati nzuri njia ni moja. Tukitoka Dar tunapita Chalinze, Segera, Korogwe, na Mombo pale panapopandia barabara ya Lushoto tunashusha mzigo wa bibi: sukari, mchele, kitenge, na barua za wajukuu. Miaka ya kwenda Lushoto, mzigo wa Marangu ndio unaotangulia kwa basi.

Mnasafirije? Mabasi Desemba hayashikiki.

Kata tiketi mapema, hilo ndilo jibu. Wiki moja kabla ya Krismasi, kituo cha Mbezi kinajaa kuanzia alfajiri, na hata LATRA, mamlaka ya usafiri wa nchi kavu, inapotoa vibali vya muda kwa magari ya ziada, bado watu wanabaki na mabegi. Treni ya Dar es Salaam hadi Moshi, iliyorudi Desemba 2019 baada ya kusimama kwa zaidi ya miaka 20, imewasaidia wengi, na mimi naipenda kwa sababu watu wanazungumza humo. Kwenye basi kila mtu ana simu yake. Kwenye treni, ikifika usiku, mtu anakwambia kwa nini hajaenda nyumbani kwa miaka yote ile, na kwa nini mwaka huu ameamua kwenda. Mazungumzo ya namna hiyo ndiyo yaliyomzaa kaka wa Aikande, ingawa aliyenisimulia hafanani naye kwa lolote isipokuwa uchungu.

Mnapika nini? Tuelezee vizuri, mama, tuko mbali na nyumbani.

Swali hili hutoka kwa walioko nje, na naliheshimu. Nitajibu kwa kirefu.

Tarehe 23 au 24, kazi ni ndizi. Mikungu ya mshare, ndizi zetu za kupika, inakatwa kihambani, kwenye shamba la ukoo, na kubebwa hadi nyuma ya jiko, tunaketi kwenye vigoda, kila mmoja na kisu chake. Kabla ya kugusa ndizi mikono inapakwa mafuta, kwa sababu utomvu wake ukikauka unageuka mweusi na hautoki kwa sabuni. Ndizi zinazomenywa zinatumbukizwa kwenye beseni la maji zisibadilike rangi. Huko ndiko habari zote za mwaka zinakosimuliwa: nani amejenga, nani amefiwa, nani amemaliza chuo, wifi gani ana ujauzito anaoficha. Nyingine zitakuwa machalari pamoja na nyama, nyingine mtori wa asubuhi ya Krismasi, unaopondwa mpaka ulainike na kunywewa wakati wa moto. Kiburu cha maharage kinawasubiri wale wasiokula nyama, na sisi tunaokula tunakimaliza kabla yao.

Mbege, pombe yetu ya ndizi, imeshaanza siku kadhaa nyuma. Ndizi mbivu zinachemshwa, zinachachushwa, ulezi unaongezwa, na magome ya msesewe yanatia ule uchungu ambao asiyekulia kwetu anahitaji kuuzoea. Nyumbani kwetu tunatenga pia togwa kwa watoto na kwa wasiokunywa pombe, na hakuna anayeulizwa kwa nini.

Mbuzi anachinjwa na wanaume. Kila kiungo kina mwenyewe, na kidari hakiguswi mpaka mzee wa boma aseme. Kijana aliyezaliwa Dar anaweza kuona huo ni usumbufu, lakini tazama sahani zinapogawiwa: bibi aliyezeeka, asiyetoka tena chumbani, sehemu yake inaondoka kwanza na kupelekwa alipo. Mtu anahesabiwa kwa kupelekewa chakula chake. Riwaya nzima nimeijenga juu ya kuhesabiwa huko.

Ndiyo maana Elirehema, siku ya 24, haketi barazani na wanaume kusubiri. Anachukua kisu na kigoda, anaketi kati ya shangazi za Aikande na kuanza kumenya. Hakuna aliyemwambia kuhusu mafuta. Kucha zake zinakuwa nyeusi, na zinabaki hivyo mpaka tarehe 28, kanisani, mkono wake ukiwa umenyooshwa kupokea pete. Shangazi mkubwa anaziona kucha zile kutoka benchi la tatu.

Minada ya kanisani baada ya ibada, ni kweli inafanyika?

Nyumbani kwetu ni Walutheri, na mnada baada ya ibada tumekua nao. Mtu hana pesa taslimu, analeta alichonacho: jogoo, trei ya mayai, mkungu wa ndizi, parachichi kwenye kapu. Ibada ikiisha, mzee wa kanisa anasimama nje na kuvinadi, na pesa inaingia kwenye sadaka. Desemba watu wa mjini wamerudi, jogoo anaweza kufika bei ya kushangaza, na mnunuzi mara nyingi anamrudishia yule bibi aliyemleta. Utamu mtupu.

Kwenye hadithi, Elirehema anashindania kapu la mama wa Aikande bila kujua anayepandisha bei ni nani. Sisemi zaidi.

Na isale? Bado watu wanaliheshimu?

Bado. Jani la isale ukiletewa na aliyekukosea, umeombwa msamaha, na kwetu kulikataa ni jambo zito. Masale yamepandwa kwenye mipaka ya vihamba, mtu anayaona tangu utoto, na bado siku likiletwa mlangoni miguu inalegea. Nimeona ugomvi wa mashamba uliodumu tangu nikiwa shule ya msingi ukimalizika kwa jani hilo, mchana kweupe, mbele ya watoto. Anayelibeba kwenye riwaya siye mtakayemdhania.

Ukiwa kijijini unaandika?

Hapana. Nasikiliza, naosha vyombo, naamkia wagonjwa. Kalamu inabaki kwenye begi hadi tukirudi.

Nyumbani Dar unaandika saa ngapi? Na watoto je?

Naamka saa kumi alfajiri. Nina kaunta buku na kalamu ya wino wa bluu, naandika kwa mkono mpaka saa kumi na mbili kasoro, hapo nyumba inaamka na kila mtu anatafuta soksi. Uandishi wa mkono si mapambo. Umeme ukikatika, daftari halizimiki, na mkono wangu una mwendo unaolingana na mazungumzo ya wahusika. Jioni naingiza kwenye kompyuta yale ya asubuhi, na huko ndiko ninakokata.

Usiku maji yakitoka tunaamka kujaza tenki, mimi au mume wangu, yeyote aliyesikia kwanza. Dada anayetusaidia kazi za nyumbani ana siku zake za mapumziko, na siku hizo mume wangu anapika. Anapika wali wa nazi kuliko mimi, na watoto wanalisema hilo mezani bila kunionea haya. Naandika haya kwa sababu mabinti wengi huniuliza kama mtu anaweza kuwa mke, mama na mwandishi. Anaweza, ikiwa waliomo ndani ya nyumba wamekubaliana kwamba kazi yake ni kazi. Kwetu mlango wa kile chumba kidogo ukifungwa alfajiri, hata mdogo wetu anapita kwa kunyata.

Mume wako ndiye mfano wa wanaume wa vitabuni?

Wanaume wa vitabuni ni wengi, naye ni mmoja. Lakini tabia moja nimemchukulia kila mara: akikosea, anasema amekosea siku hiyo hiyo, kabla ya kulala. Elirehema anayo hiyo. Mume wangu anasoma mswada wa mwisho, siyo wa kwanza, na anaweka alama ya penseli pale anapochoka. Zile alama nazifanyia kazi zote.

Kwa nini hadithi zako zote zinaisha kwa furaha? Maisha hayako hivyo.

Swali hili naulizwa kwa namna mbili. Wengine wanauliza kwa udadisi, wengine kwa kudharau, kana kwamba machozi ya mwisho wa kitabu ni cheti cha ukomavu. Nawajibu wote sawasawa.

Wasomaji wangu wengi ni wanawake wanaofanya kazi ngumu. Kuna muuguzi aliyenipigia akitoka zamu ya usiku. Kuna mama ntilie anayesoma ukurasa mmoja mmoja kati ya wateja. Hawa hawahitaji kufundishwa na mimi kwamba mapenzi yanaumiza, wanalijua kunizidi. Ninachoweza kuwapa ni hadithi inayochukua matatizo ya kweli, mahari, wivu, ugumba, deni, mkwe mkali, umbali, na kuonyesha hatua kwa hatua jinsi watu wawili wazima wanavyoweza kuyavuka kwa kusema kweli na kutendeana wema. Furaha ya mwisho wanaifanyia kazi kurasa 200 na zaidi. Hakuna tajiri anayeshuka kwenye gari jeusi na kulipa kila kitu. Ukisoma vizuri utaona kila mapatano kwenye vitabu vyangu yana bei, na mtu fulani ameilipa kwa mikono yake.

Kuandika mwisho mwema unaoaminika ni kazi ngumu kuliko kumuua mhusika. Nimechagua ugumu huo kwa makusudi, na nitaendelea nao.

Mbona wahusika wako wote ni watu wazima? Hakuna hadithi ya mwanafunzi?

Hakuna, na haitakuwepo. Sheria yetu ya Ndoa ilimruhusu msichana wa miaka 15 aolewe kwa ridhaa ya mzazi. Mwaka 2016 Mahakama Kuu, katika kesi iliyofunguliwa na Rebeca Gyumi, ilisema vifungu hivyo vinakwenda kinyume na Katiba, na mwaka 2019 Mahakama ya Rufani ikaukubali uamuzi huo. Mimi ni mama wa binti. Riwaya ya mapenzi inamwonyesha msomaji kipi cha kutamani, na sitamtamanisha mtu mzima mtoto wa shule, wala mtoto wa shule mtu mzima.

Kwa nini kwenye vitabu vyako mlango wa chumba cha kulala unafungwa?

Kwa sababu kitabu changu mama na binti yake mkubwa wanapokezana, na nataka wote wawili waweze kukijadili wakiwa wanachambua mboga. Pia Kiswahili kinajua kuficha na bado msomaji akaona haya. Mkono unaopokea kikombe na kuchelewa kukiachia unanitosha.

Nimepata nakala yako kwenye kundi la WhatsApp. Ni sawa kuisoma?

Aliyeisambaza hakuwa na ruhusa. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inalinda kazi ya mwandishi maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufa kwake, kwa hiyo hata wajukuu wangu wana sehemu yao humo. Sikulaumu wewe uliyetumiwa. Nakuomba tu usiipeleke mbele. Kama huna pesa kwa sasa, azima nakala ya karatasi kwa mwenzio, mimi nabariki kuazimana, au uiombe maktaba yako iinunue. Kila nakala inayolipiwa inamlipa mhariri, mpangaji wa kurasa, mchoraji wa jalada, na kijana anayefunga vifurushi.

Nitaipataje Februari?

Oda zitapokelewa kuanzia Januari katikati, malipo kwa simu au benki. Mikoani tunatuma kwa basi, unapokea kituoni kwa kuonyesha namba ya mzigo. Kenya tunatuma kwa mabasi ya Mombasa yanayopita Horohoro na ya Nairobi yanayopita Namanga. Walioko Oman, Ulaya na Marekani tutawawekea nakala ya kusomea kwenye simu siku hiyo hiyo. Najua mnapenda karatasi, lakini gharama ya posta kwa kitabu kimoja mara nyingine inazidi bei ya kitabu, na nawashauri muungane watu wachache muagize pamoja au mumwagize ndugu anayekuja likizo.

Utausoma mswada wangu?

Kwa sasa siwezi kuusoma wote, lakini sura ya kwanza nitumie kuanzia Machi, kazi za uzinduzi zikiwa zimepungua. Nitakujibu kwa maandishi, hata kama itachukua muda. Uwe umeisoma kwa sauti mwenyewe kabla ya kunitumia. Mahali ulimi unapokwama, ndipo pa kurekebisha.

Sisi Waislamu tunakupenda, lakini kila mara ni Krismasi. Idd yetu iko wapi?

Iko kwenye daftari, tena imeshapita nusu. Jirani zangu wa ukutani ni Waislamu, na sahani zimekuwa zikivuka ukuta ule pande zote mbili tangu tulipohamia. Kilichonichelewesha ni kutaka kuifanya vizuri. Krismasi haihami: tarehe 25 Desemba, kihamba kiko vile vile. Ramadhani inarudi nyuma kwa siku kama 11 kila mwaka, kwa hiyo mwandishi lazima ajue mwaka wa hadithi yake ilikuwa masika, kipupwe au kaskazi, kwa sababu futari ya jua kali si futari ya mvua. Mwaka 2030 Ramadhani itaingia mara mbili, Januari na tena mwishoni mwa Desemba.

Mimi nimechagua Desemba ya mwaka 2000. Mwaka ule Idd el-Fitr ilifuata Krismasi kwa siku mbili tatu tu. Nimeiweka hadithi Tanga, Ngamiani, kwenye zile barabara zinazoitwa kwa namba. Mwanamke mmoja anaoka keki za Krismasi kwa oda, akiwa amefunga, na haonji hata unga. Jirani yake mjane, fundi redio, Mkristo wa kutoka Muheza, ndiye anayepelekewa kipande cha kwanza aseme kama sukari imetosha. Wanazungumza kupitia dirisha la jiko. Nimepata akina bibi wawili wa Tanga wanaonisahihisha kuhusu mkate wa kumimina, na kuhusu nani anamtangulia nani kusalimiwa asubuhi ya Idd. Msikose subira, hiyo ni baada ya hii.

Tukikukuta njiani Desemba, tukusalimie?

Tafadhali. Tutapanda tarehe 20 kama tiketi zitapatikana, tutashukia Himo, kisha gari la Marangu Mtoni. Mkiwa na nakala ya zamani njooni nayo nitie sahihi, na ikiwa imeshonwa kwa uzi nitataka kujua imepitia kwa nani na nani. Kama mmebeba mzigo mzito, semeni, mume wangu na wanangu wana mikono. Oda za riwaya msinipe barabarani, zitapotea. Nitumieni ujumbe baada ya Januari 15 mkiandika jina, mji na idadi ya nakala.